Kujitolea kwa "yatima" Kilifi kupitia kampuni ya huku Uholanzi: nyota mbili, na kampuni haina hata moja

Ngoja niandike maana tangazo lao linanifuata kila nikishika simu na kuna wabongo wenzangu huku Uholanzi wameniuliza vipi, inafaa? Jina la kampuni siweki, ziko nyingi za namna hii na vifurushi vyao ni vilevile.

Chenyewe ni wiki mbili kwenye kituo cha watoto yatima kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, malazi na milo mitatu, kupokelewa airport Mombasa, na wikiendi moja ya kupumzika Watamu. Bei yuro elfu moja na ushee, tiketi ya ndege juu yako.

Mazuri kwanza. Dereva alikuwa pale kabla hatujatoka nje, mstaarabu, hakimbizi gari, na njiani alitusimamisha tukanywa madafu bila kutupeleka kwenye duka la vinyago la shemeji yake. Dada wa jikoni ndo usiseme, asubuhi mahamri na mbaazi, jioni samaki wa kupaka na wali wa nazi, wazungu wa kundi letu walikula mpaka wakasahau kulalamika joto. Chumba kisafi, neti haina tundu, maji yanakatika ila pipa linajazwa. Hapo sina neno.

Sasa watoto wenyewe. Kwenye kundi letu anayejua Kiswahili nilikuwa mimi peke yangu na nadhani kampuni hawakulitegemea hilo. Wenzangu waliona watoto wanawakimbilia, wanawakalia mapajani, wanawasuka nywele, basi ikawa machozi na selfi, jamani wanatupenda. Mi nikawa nasikia wanachoongea. Tumefika tu, kabinti kadogo kamenishika mkono, jina langu hakajauliza, kananiambia "anti, we nawe waenda lini?" Mtoto anayemkumbatia kila mgeni anayeshuka kwenye gari kisha swali lake la kwanza ni utaondoka lini, huyo ameshaachwa na wageni mara nyingi sana.

Mwingine tukiwa tunaosha vikombe ananihadithia kuwa mamake yuko Kaloleni, auza mboga, na skuli zikifungwa huwa anaenda kwake. Nikashtuka, nikamuuliza na hawa wenzako? Akaanza kunionyesha kwa kidole, huyu ana babake, yule ana nyanyake, wale ndugu wawili mama yao alikuja juzi akawaletea viatu. Waliofiwa na baba na mama wote wapo, ila ni wachache mno ukilinganisha na bango lililopo getini. Nikamfuata mama mlezi, nikamwamkia, nikamuuliza taratibu. Hakuficha. "Mwanangu, kwao hakuna karo. Hapa karo ipo, na karo yaletwa na wageni, na wageni wataka kuona watoto."

Na wala si kituo hiki tu. Shirika la Lumos, lile alilolianzisha J.K. Rowling, linasema zaidi ya asilimia 80 ya watoto walioko kwenye vituo duniani wana angalau mzazi mmoja hai. Nepal na Kambodia mambo ni hayohayo, vituo vimejaa kule watalii wanakopita. Australia ndo walifika mbali zaidi, 2017 bunge lao lilipochunguza utumwa wa kisasa liliiweka na biashara hii ya vituo humohumo. Na Kenya yenyewe, ambayo wanatuuzia, ilisimamisha kusajili vituo vipya vya watoto Novemba 2017, halafu 2022 ikatoa Sheria mpya ya Watoto na mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia, kwa ndugu, kwa walezi wa kambo, hadi kafala ya Waislamu, yaani kumchukua mtoto na kumlea bila kumbadilisha ukoo, imo kwenye sheria. Sa serikali inataka watoto watoke vituoni warudi kwao, we kampuni unaniandikia "watoto wanakusubiri". Wanakusubiri si ndo wanazuiliwa wasiende kwao?

Ishu nyingine iliyoniudhi ni usalama. Huku Uholanzi ukitaka hata kusaidia timu ya mpira ya watoto mtaani klabu nyingi zitakwambia leta VOG, kile cheti kwamba huna rekodi mbaya. Kampuni hii, ya hukuhuku, iliniomba kopi ya pasi, picha moja na malipo. Basi! Mtu yeyote mwenye kadi ya benki anakaa na watoto wa watu mchana kutwa, anawapakata, anawapiga picha anarusha mtandaoni, na hakuna wa kumuuliza we nani.

Kazi yenyewe nayo ni vichekesho. Tulipewa kufundisha Kiingereza, kijana mmoja wa kundi letu akaanza rangi na viungo vya mwili, watoto wakawa wanamalizia sentensi kabla yake, maana kila kundi linakuja na somo hilohilo. Kisha tukapaka rangi ukuta ambao chini yake naona rangi mbichimbichi ya kundi lililopita, na nje pale barabarani kuna vijana mafundi wamekaa kijiweni hawana kazi. Nimeandika emaili kuuliza katika pesa yangu kituo kimepata ngapi, nimejibiwa "sehemu kubwa", pamoja na picha za watoto wakicheka.

Nyota mbili nilizotoa ni ya dereva na ya dada wa jikoni. Kama hela unayo, mlipie karo mtoto anayelelewa na bibi yake, wapo kila mtaa, huhitaji kampuni. Na kama umeshalipia hii na hawarudishi pesa, waandikie kabla hujasafiri wakuhamishie mradi wa kasa kule Watamu, upo kwenye orodha yao hiyohiyo, kundini kwetu kuna mmoja aliomba akahamishwa bila kuongeza hata senti.