Betri iliyokuwa ikifa kila Jumatatu: uzoefu wangu na fundi umeme wa magari wa Magomeni, Mtwara

Ninaishi Mikindani na kufundisha Mtwara mjini, mwendo wa takriban kilomita 10 ambao huwa naufanya asubuhi na jioni kwa gari langu dogo la gia otomatiki. Kuanzia mwezi Machi gari hilo lilianza kukataa kuwaka. Nikizungusha ufunguo, taa za dashibodi zilififia, stata (mota inayozungusha injini ili iwake) ikagonga ta-ta-ta, kisha kimya. Na kwa kuwa gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, ilinibidi kila mara nibishe hodi kwa jirani alfajiri nikimwomba anibusti, yaani aniwashie gari kwa umeme wa betri yake.

Duka la kwanza nililokwenda liliniuzia betri mpya bila kupima chochote. Baada ya wiki chache hali ikawa ile ile. Gereji ya pili ilidai kwamba alteneta, kifaa kinachoichaji betri injini ikiwaka, imekufa na inapaswa kubadilishwa, nayo pia haikupima. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta fedha za alteneta pale mwalimu mwenzangu aliponielekeza kwa fundi huyu wa Magomeni, na ninaandika haya kwa sababu ninaamini wenye magari wengi hapa kwetu wananunua betri wasizozihitaji.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, linagoma siku gani?" Sikuwahi kujiuliza hivyo. Nilipovuta kumbukumbu nikagundua kwamba lilikuwa likigoma Jumatatu, na mara moja baada ya mapumziko ya Idi, yaani kila lilipokuwa limeegeshwa siku mbili au zaidi. Akaniambia huenda kuna kitu kinakula umeme wakati gari limelala, lakini hatasema neno mpaka apime.

Alianza kwa kuichaji betri usiku kucha. Asubuhi, ikiwa imetulia, maltimita, yaani kipimo chake cha umeme, ilisoma volti 12.6, ambacho ndicho kiwango cha betri iliyojaa. Ikishuka hadi 12.2 maana yake imebaki karibu nusu. Wakati wa kuwasha haikushuka chini ya volti 10.4, na injini ilipokuwa ikinguruma, taa zote zikiwa zimewashwa, ilisoma 14.1. Kwa vipimo hivyo vitatu betri, stata na alteneta vyote vikawa vimesafishwa jina. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe wenye ukijani, ambao sisi tunaokaa karibu na bahari tunaujua vizuri, akavisafisha kwa maji ya moto yenye magadi soda, ila alisema wazi kwamba huo haukuwa ugonjwa wenyewe.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Alifungua waya wa hasi, akaiweka maltimita kwenye kipimo cha ampea 10 (ampea ni kiasi cha umeme unaopita) na kuiunganisha katikati ya waya huo na betri, akanionya nisithubutu kuwasha gari kwa sababu mkondo wa stata ungeunguza fyuzi ya kipimo. Milango aliifunga, na kitasa cha boneti akakibana kwa bisibisi ili gari liamini kwamba limefungwa kabisa. Kisha tukakaa chini ya mwembe nusu saa nzima, kwa kuwa vifaa vya kielektroniki vya gari huchukua muda kulala. Namba ilianza juu ya ampea 2, ikashuka taratibu, ikagota kwenye 0.48 na isisogee tena. Gari lililolala halitakiwi kuzidi ampea 0.05 hivi.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, macho yangu yakiwa kwenye kioo cha kipimo. Taa za ndani, hakuna badiliko. Honi, hakuna. Alipochomoa fyuzi ya redio, namba ikaanguka hadi 0.03. Aliniita nipeleke mkono chini ya kiti cha abiria, kwenye amplifaya ya muziki niliyofungiwa mwezi Februari: ilikuwa vuguvugu, ingawa redio ilikuwa imezimwa tangu jana yake. Waya wa kuiamsha ulikuwa umeunganishwa kwenye umeme usiozimika badala ya ule unaokuja na ufunguo, hivyo haikuwahi kulala hata usiku mmoja.

Hesabu yake ni rahisi. Ampea 0.48 kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 11 kwa siku, na betri yangu ni ya ampea-saa 45. Siku za kazi nilikuwa nikirudisha kiasi kidogo kwa safari zangu fupi; kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, zaidi ya nusu ya betri ilikuwa imekwisha. Betri mpya ilificha tatizo kwa muda tu, na inasikitisha kwamba betri za kuwashia magari huharibika zikimalizwa chaji mara kwa mara, kwa hiyo hii mpya nayo imekwishapoteza sehemu ya umri wake.

Gharama yote ilikuwa Sh 30,000, pamoja na kuhamisha waya. Kasoro ninazoziona ni mbili: kazi ilichukua siku moja na nusu, na hatoi risiti ya maandishi, jambo ambalo nilimweleza naye akalipokea kwa staha. Anayekwenda ajipange kuliacha gari usiku kucha, na amweleze mapema kifaa chochote kilichoongezwa baada ya kulinunua, iwe redio, alamu au king'amuzi cha wizi.

Likizo ya Juni nililiegesha siku 9 bila kuligusa. Niliporudi nilipima kwanza kama alivyonifundisha, nikasoma volti 12.5, nikazungusha ufunguo, na likawaka mara moja.