Nilipeleka Pac-Man yangu ibadilishwe kapasita, wakatupa kioo chake

Nyota moja. Na hiyo moja si ya mwenye karakana, ni ya kijana wake. Nitamfikia.

Jina la karakana sitaji. Iko Kampala, huko bondeni kwenye mafundi wengi, na nilichaguliwa hiyo na mtu ninayemwamini kwa sababu wanashughulika na mashine za kamari zile za kwenye mabaa. Nikajiambia, mtu aliyezoea mashine za sarafu hatashtuka akiona yangu. Hakushtuka kweli. Angeshtuka ingekuwa afadhali.

Nilichowapa ni Pac-Man ya kabati, mashine ya gemu ya sarafu ambamo kidude cha njano kinakula nukta ndani ya mzingile huku mizimu ikikifukuza, ile yenyewe, iliyoundwa na Midway ya Chicago kwa leseni ya Namco ya Japani. Njano, ya mbao, urefu wa mtu mzima, na ile michoro ya ubavuni ya rangi iliyopulizwa. Anayekusanya mashine hizi Marekani atakwambia Pac-Man si adimu, na anasema kweli: kule ziliuzwa takriban 100,000. Wao wanachotafuta usiku na mchana ni Computer Space ya mwaka 1971, au Donkey Kong nyekundu. Lakini mimi nakaa Jinja. Kwa miaka yote niliyoulizia, kuanzia Malaba hadi Mbarara, sijaonyeshwa nyingine.

Na hii si mashine niliyoiona mahali nikaipenda. Hii imenilea. Mzee mmoja wa Kihindi alikuwa na duka Main Street. Alifukuzwa na Amin mwaka 1972 pamoja na wenzake, wakapewa siku 90 kufungasha maisha yao, akaishia Vancouver. Aliporudi miaka ya tisini kudai nyumba yake, kontena lake lilikuwa na friji, cherehani mbili, na mashine hiyo. Sisi watoto wa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, ambao baba zetu walikuwa wa viwandani, tulimfagilia uwanja nyuma ya duka, na mshahara wetu ulikuwa robo dola za Kanada, zile zenye kichwa cha mnyama mwenye pembe. Unaitumbukiza, unacheza, ukifa anafungua mlango wa sarafu na kukurudishia moja ya kesho. Kabla ya kuwasha alituuliza kila mara, "Transfoma kwanza?" kwa sababu mashine ni ya umeme wa volti 120 na wetu ni 240. Hakuchoka kuuliza. Alipofunga duka aliniuzia kwa laki saba, akaniongezea transfoma na kopo la sarafu bila kudai shilingi.

Sasa sikilizeni kuhusu kioo, maana ugomvi wote uko hapo.

Ni skrini ya kichogo, kama ya runinga za zamani zenye mgongo mrefu, inchi 19, imesimamishwa wima kama mlango. Pac-Man ina mzingile mmoja tu. Ukimaliza raundi, kuta ni zile zile. Ukifa, ni zile zile. Mashine ikikaa bila mchezaji, inajichezesha yenyewe kwenye kuta zile zile. Ule unga wa fosfori uliopakwa ndani ya kioo unapigwa mahali pale pale kwa miaka mpaka unachoka na kuacha kovu. Zima mashine, chomoa waya, njoo mchana ukiwa na mwanga wa dirishani begani: unauona mzingile wote umebaki kwenye kioo kama alama ya pasi kwenye kanzu. Kona zote nne, kile chumba cha mizimu katikati na kimlango chake, na juu kabisa maneno HIGH SCORE. Kovu hilo lilianzishwa na watoto wa Vancouver nisiowajua. Likamaliziwa na mimi na rafiki zangu, mmoja wao sasa ni marehemu.

Mwaka juzi hivi, kabla ya mvua kubwa, picha ikaanza kucheza. Kuta za pembeni zikawa zinajikunja kama shuka kwenye kamba, na mvumo ukapanda. Kila anayetunza mashine hizi anaijua dalili hiyo, kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zimekauka. Ndani zina umajimaji, na baada ya miaka arobaini umajimaji huo haupo tena. Unabadilisha zote kwa mpigo, picha inatulia. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Sikuifanya mwenyewe kwa sababu kichogo kinaweza kubaki na maelfu ya volti hata kama umechomoa waya, na mimi nina watoto.

Basi nikakodi pikapu. Tukaifunga kwa magodoro mawili, imesimama, na nikapanda nyuma nayo mimi mwenyewe, kuivuka Nile, kupita Mabira, Mukono, mpaka ndani ya foleni ya Kampala, nimeikumbatia. Kabla ya kuiacha niliandika karatasi nikaibandika kwa ndani ya mlango wa nyuma, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiganda: KAPASITA TU. KIOO KISIGUSWE. Mwenye karakana aliisoma mbele yangu. Akatikisa kichwa, ndiyo ndiyo, ssebo, yaani bwana kwa Kiganda, hakuna shida.

Ikaja kesho, na kesho ya kesho. Hilo halinikasirishi sana, mafundi wetu ndivyo walivyo na mimi mwenyewe nimewahi kumchelewesha mtu. Siku waliyosema njoo nilifika nikiwa na keki za watoto mkononi, nimefurahi kama mtu anayekwenda kupokea mgeni.

Walikuwa wamening'iniza flati. Runinga ya flati, nyeusi, imelazwa, imefungwa kwa skrubu za dirisha kwenye mbao ambazo hazijawahi kutobolewa tangu zilipotoka kiwandani. Kwa sababu imelazwa, mzingile umetandazwa kama mkeka, na mizimu imekuwa mifupi minene. Wameondoa bodi ya asili, ule ubao wa umeme unaobeba gemu yenyewe, wakaweka ile ya Kichina yenye gemu 60. Kijiti chenye tufe jekundu, kinachokwenda njia nne tu, kimeng'olewa kikawekwa cha njia nane, kwa hiyo kwenye kona unavuta juu, kinasoma mshazari, Pac-Man anasimama kama aliyesahau anakwenda wapi, mzimu unamla. Mtu aliyewahi kuicheza kwa dakika kumi angelijua hilo. Hakuna aliyeicheza.

Nilimwuliza kioo kiko wapi. Huyo bwana Kiswahili anakijua vizuri, aliishi Nairobi, kwa hiyo hakuna neno tulilopoteana.

"Ssebo, kile kilikuwa kimeungua. Tumekuwekea kipya. Gemu sitini, badala ya moja."

"Kiko wapi?"

"Tumetupa."

Nilifungua mlango wa nyuma. Karatasi yangu ilikuwa pale pale, gundi haijabanduka hata kona moja. Nikamwonyesha. Akaiangalia, kisha akaniangalia mimi, mbele ya wateja wanne na mama anayeuza chai, akasema: "Mtu mzima analilia takataka ya watoto?"

Nimeshaandika tathmini za hoteli mbaya na mabasi mabaya. Siku zote nilikuwa nimeshapoa. Hii naiandika muda mrefu baadaye na mkono bado unatetemeka kwenye neno hilo, takataka. Laiti angesema nimekosea. Laiti angesema fundi wangu amekosea.

Nilikwenda uani peke yangu. Kilikuwa karibu na mtaro, kimelala kifudifudi kwenye mabati, na shingo imevunjika. Wanaojua vioo hivi wanaelewa. Ndani ya kichogo hakuna hewa. Shingo ikipasuka hewa inaingia na basi, hakuna fundi duniani wa kukirudisha. Kuna baka linalong'aa kama fedha karibu na shingo, na hewa ikiingia linageuka jeupe kama maziwa. Lilikuwa jeupe. Nikakigeuza, nikakifuta kwa mkono wa shati. Mzingile ulikuwepo wote. Kona zote nne.

Kijana ndiye aliyenifuata huko. Ana miaka ishirini na kitu, mpole. Alikuwa na gunia la posho. Ndani yake bodi ya asili, imezungushiwa magazeti, na kijiti changu, na hata skrubu zake kwenye kifuko cha nailoni. Akasema, "Mzee, nisamehe. Mimi nilikuwa nimemaliza."

Sikumwelewa. Akaeleza. Alikuwa amebadilisha kapasita zote tangu wiki iliyopita. Picha ilitulia, mvumo ukaisha, akaicheza mpaka saa tatu usiku. Bosi alipokuja asubuhi mashine ilikuwa imezimwa. Akaona mzingile kwenye kioo kilichozimwa, akasema hii imeungua, tutamrudishia mtu kitu kama hiki? Ng'oa.

Ilikuwa imepona. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Hawakuiua wakijaribu kuitibu. Aliiona alama ya maisha yake akadhani ndiyo ugonjwa.

Na nikiwa mkweli kabisa, mtu asiyejua angeweza kufikiri hivyo. Flati ikiwa na kivuli cha namna hiyo tunasema imekufa. Alinunua flati kwa pesa yake, hakunitoza zaidi ya tuliyokubaliana. Kuna siku nawaza, huyu bwana alidhani ananifanyia ukarimu. Halafu nakumbuka karatasi ya lugha tatu, na ukarimu wake unanitoka moyoni.

Kwa wanaouliza kioo kina thamani gani: mkusanyaji hanunui gemu. Gemu unaipata bure kwenye simu. Ananunua kilichoipata mashine. Hizo Donkey Kong nyekundu ninazozitaja, mwaka 1981 Nintendo walikuwa na mashine za Radar Scope Marekani zilizokosa wanunuzi, wakabadilisha bodi na picha wakazigeuza Donkey Kong. Za baadaye zikatoka na kabati la bluu. Wekundu ule ni ushahidi wa hasara ya kampuni, na leo watu wanaulipia. Angekuwepo mtu wa kuziboresha kwa rangi ya bluu, angesema takataka hizo, nipe brashi.

Nililipa. Asingeniachia mashine bila hivyo, na pikapu ilikuwa inahesabu saa. Laki nne na nusu, kwa kioo kilichovunjika.

Hapa ningeishia na nyota moja ingetosha. Lakini majuma kadhaa baadaye akanipigia simu mwenyewe. Si kijana, bosi. "Ssebo, nimepata kichogo, inchi 19. Njoo." Sikutarajia. Nilikaa na simu ile mkononi kwa muda, nikamwambia mke wangu labda nimemhukumu mtu vibaya. Nikaenda, safari hii kwa matatu. Alikuwa amekitafuta soko la Owino, kwenye runinga kuukuu, amekifunga kwa blanketi, na blanketi lilikuwa lake, la nyumbani. Nikaangalia shingo. Nyembamba. Pini hazilingani, hata koili ya shingoni kwangu isingevaa. Nikamweleza polepole kwamba inchi peke yake haitoshi, lazima shingo, pini na koili vikubaliane.

Akasema, "Kwani si vioo vyote?"

Nikaondoka. Sijui nimpe nini mtu kama huyo. Nyota ya blanketi? Alihangaika, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini pole hakusema, siku ile wala ile nyingine, na neno lile hajalifuta. Nilikuwa nimeshaandika nyota mbili nikarudi nikafuta moja.

Flati niliiondoa. Kabati linasimama sebuleni na tundu mbele, bodi iko kwenye gunia lake juu ya kabati la nguo. Kioo kilichokufa kiko sakafuni, kimeegemea ukuta karibu na dirisha, na binti yangu mdogo anaupitisha mzingile kwa kidole bila kuinua, kutoka kona ya chini mpaka kwenye mlango wa mizimu. Sikumfundisha.

Kwa hiyo msipeleke pale kitu mnachokipenda. Kama ni runinga ya kutazama mpira, pelekeni, na mwombeni yule kijana kwa kumwelekeza kwa kidole. Nimeiangalia kazi yake kwa lenzi: kapasita zimekaa wima kwa mstari, risasi ya kuunganishia inang'aa, hakuna hata tone limemwagikia njia ya umeme ya jirani. Miaka mingi sijaona mkono kama huo.

Natafuta kichogo cha inchi 19 chenye shingo inayolingana na hii niliyonayo, hata kikiwa kimeungua, hata kikiwa na kovu la mchezo mwingine. Msikitoe wenyewe kwenye runinga yake, kitawarusha. Nikikipata, nitakipeleka kwa kijana, kwenye karakana ile ile kwa sababu hana nyingine. Nitabeba kigoda changu, nitakaa pale mlangoni tangu asubuhi, na sitanyanyuka mpaka picha iwake.