Eafraya ya shilingi 6,800, miezi minane baadaye

Ngozi ya paja la kuku ikiiva sawasawa hulia. Unaipitishia ncha ya kisu, unasikia kama unakwaruza ukoko wa wali, na ukifika kwenye nyama maji yake yanachuruzika hadi kwenye ugali. Ilinichukua karibu wiki sita kuisikia sauti hiyo jikoni kwangu, na mashine ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Naandika haya kwa sababu najua watu watatu hapa Buruburu, Nairobi, walionunua eafraya, ile mashine ya kupikia kwa upepo wa moto, wakapika kuku mara mbili, wakaona imewaharibia nyama, na sasa imekuwa ya kupashia sambusa.

Yangu niliinunua Luthuli Avenue. Bei ya kwanza ilikuwa 8,500, tukavutana mpaka 6,800. Chapa siitaji kwa kuwa haina maana: mashine hiyo hiyo, yenye umbo hilo hilo na vitufe viwili vile vile, kimoja cha joto na kimoja cha dakika, niliiona maduka matatu ikiwa na majina matatu. Ni ya wati 1,500, na sanduku linasema lita 5.

Jina Airfryer lililetwa sokoni na Philips mwaka 2010, likashika hata kwa mashine ambazo si zao. Lakini ndani hakuna ukaangaji wowote. Juu kuna koili ya moto na feni, chini kuna trei yenye matundu. Ni oveni ndogo yenye upepo mkali, basi. Mtu akilielewa hilo, mengine yote yanajipanga, maana kazi ya upepo ni kukausha. Ukiiwekea kuku aliyelowa, itatumia robo saa ya kwanza kukausha maji yako badala ya kuoka ngozi. Hapa Nairobi, kwa mwinuko wetu, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ngozi haianzi kupata ile rangi ya kahawia mpaka ipite nyuzi 140. Maadamu ngozi ina maji, haifiki huko.

Kitabu kilichokuja na mashine hakikusema hata neno moja kuhusu hilo. Kilisema: paka viungo, nyuzi 200, dakika 20. Nami nikafanya kama nilivyozoea kwa jiko la makaa. Nililaza mapaja usiku kucha kwenye maziwa lala, kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi na bizari, nikayatoa yakiwa yamejaa rojo na kuyatia ndani. Kitunguu saumu kiliungua kikawa cheusi na kichungu. Chini yake ngozi ilikuwa laini, inavutika kama mpira. Na mwanangu wa kiume alipolifungua lake, mfupani kulikuwa bado kuna damu. Nilirudisha yote kwenye sufuria nikapika mchuzi, na nyumba nzima ililala saa tano.

Siku hizi nafanya hivi. Jioni nikitoka kazini Industrial Area nashuka soko la Burma, nanunua mapaja yenye ngozi na mfupa, ya broila. Sinunui yaliyochunwa ngozi hata kwa bei ya chini. Nikifika nyumbani siyaoshi chini ya bomba. Maji yanarukia sinki, vyombo na kachumbari, na yanabeba vijidudu ambavyo moto ungeviua wenyewe. Nayapangusa kwa taulo za karatasi, kila mkunjo, chini ya ngozi pia, mpaka karatasi itoke kavu. Hapo ndipo watu wanapokosa subira. Kwa kilo moja natia chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, pilipili manga, paprika kidogo, na kijiko kimoja cha bekingi pauda. Si hamira, wala si magadi. Ni ile pauda ya keki. Inaifanya ngozi ishike rangi upesi na kupasuka vitundu vidogo vidogo vinavyokuwa vikavu. Kisha nayapanga kwenye sinia, ngozi juu, nayaingiza kwenye friji bila kufunika. Hakuna foili wala mfuniko. Asubuhi ngozi imekazana, ukiigusa haishiki kidole, inafanana na karatasi ya kaki. Jioni yake ndipo napika.

Nyuzi 180, ngozi chini, dakika 15. Nageuza ngozi juu, napandisha mpaka 200, dakika 10. Mafuta siongezi; ya kwenye ngozi yanatosha, na ndiyo yanayomkaanga kuku. Chini ya trei natia maji vijiko viwili, kwa sababu mafuta yakidondokea kwenye chuma cha moto hutoa moshi unaojaa mpaka chumba cha watoto. Kitunguu saumu, ndimu na pilipili vinakuja mwisho, kuku akiwa ametoka, pamoja na siagi kijiko kimoja.

Kitu kingine ambacho singekubali kukosa ni kipima joto cha nyama, kile chenye sindano. Kuku ni salama akifika nyuzi 74 katikati. Lakini paja likitolewa kwenye 74 utalikuta bado linateleza kinywani. Napenda lifike 82 au 85, mishipa iwe imeyeyuka na nyama iachane na mfupa. Kidari ni kinyume chake. Kikipita 74 kwa nyuzi chache tu, kimekauka, na hakuna mchuzi utakaokirudisha. Ndiyo maana sipiki paja na kidari kwa pamoja, na anayeuza mashine akikuambia utamtia kuku mzima ukalale, usimsikilize.

Shangazi yangu alikuja kutoka Mombasa mwezi wa nne, akakaa wiki mbili. Aliitazama mashine, akasema, "Mwanangu, kuku hakaangwi kwa upepo." Sikubishana naye. Nilimpikia mapaja, akala mawili, akanawa mikono, akasema ladha ya mafuta hakuna. Na ni kweli. Huyu si kuku wa kukaanga wa dukani aliyechovywa unga. Unga mbichi wa majimaji ukiutia humu, feni inaupeperusha na mwingine unachuruzika kwenye matundu. Unga mkavu usioguswa na mafuta unabaki mweupe na una ladha ya vumbi. Anayetaka kuku wa namna hiyo awashe karai. Huyu yuko karibu zaidi na kuku choma, ila ngozi yake ni nyepesi na nyama ina maji mengi. Shangazi alirudi kwake bila kununua eafraya. Wiki iliyofuata alipiga simu saa nne usiku kuniuliza kama chumvi inatangulia au ndimu, kwa maana alikuwa na kuku kwenye friji, hakumfunika, na kesho yake anamtia kwenye karai lake la mafuta.

Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Jogoo wa kijijini ametembea miezi mingi, misuli yake imekomaa, na dakika 25 za upepo zinamgeuza kamba. Nilimjaribu mara moja, nyama ikashindikana kwa meno. Huyo kwanza namchemsha polepole kwenye gesi na chumvi na tangawizi, saa moja na nusu au zaidi, mpaka uma uingie. Namtoa, namwacha apoe na akauke kabisa, kisha dakika 10 kwenye nyuzi 200. Supu unabaki nayo. Kwa Krismasi sitapika kwa njia nyingine.

Stima, ambayo ndiyo watu huniuliza kwanza: nilisoma mita ya tokeni kabla na baada, mara tatu, na kila raundi ilikula kati ya 0.4 na 0.5 ya uniti. Nikifikiria nusu lita ya mafuta niliyokuwa namwaga, sina malalamiko. Stima ikipotea katikati ndiyo shida. Imewahi kupotea dakika ya 12, na kuku wa nusu kuiva hangojwi. Nilimhamishia kwenye kikaango na gesi. Kwa hiyo mtungi usiuze. Na tafadhali, mashine ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Inavuta ampea zaidi ya 6, na waya mwembamba wa nyongeza niliokuwa nao, wa kuchajia simu, ulipata joto mpaka plagi ikabadilika rangi. Niliugundua kwa harufu. Nauandika hapa kwa sababu ninajua kila nyumba ina waya kama huo nyuma ya kochi.

Sasa lawama. Lita 5 ni maneno ya sanduku. Kinachojalisha kwa kuku ni upana wa trei, na yangu inapokea mapaja manne yenye nafasi ya kidole kimoja katikati. Ukitia la tano yanagusana, na yanapogusana yanatoa mvuke, na ngozi inakuwa ile ile ya wiki ya kwanza. Sisi tuko watano. Kila mara napika raundi mbili, na ya kwanza inasubiri kwenye waya wa kupoozea, bila kufunikwa, kisha naipasha dakika 3. Kama ningejua, ningeongeza shilingi elfu tatu nichukue yenye trei pana, hata kama lita ni zile zile. Pima upana kwa kiganja chako dukani. Kwa mtu mmoja au wawili, hii inatosha kabisa.

La pili ni trei yenyewe. Mwezi wa tano mpwa wangu aliisugua kwa waya wa kusugulia sufuria, na rangi nyeusi ikachubuka pembeni kiasi cha ukucha. Kosa si lake, sikumwambia. Nilirudi dukani kuomba trei nyingine, nikaambiwa haziuzwi peke yake, ninunue mashine nyingine. Nimezunguka Luthuli Jumamosi mbili, nimepata moja inayokaribia kuingia, imepungua nusu sentimita. Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji akuonyeshe trei ya akiba, uishike mkononi, uijaribu kwenye mashine unayonunua.