BRouter kwa njia za Mtwara na Lindi: mlima inaujua, mchanga haiujui

BRouter ni programu ya bure ya kupanga njia. Inachukua barabara kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri, na kuzihesabia mwinuko, tena bila intaneti. Kwa anayepandisha mzigo wa baiskeli kutoka Masasi kwenda Newala, ina faida kuliko programu zinazoangalia kilomita peke yake.

Kikwazo cha kwanza ni faili za ramani unazopakua. Zimekatwa kwa miraba ya nyuzi 5, na mikoa yetu imeangukia kwenye makutano: Mtwara mjini imo E40_S15, Newala na Masasi zimo E35_S15, Lindi mjini imo E35_S10. Kwa hiyo hata safari ya Mtwara hadi Lindi inataka zote tatu. Ikikosekana moja, njia haitoki. Utaandikiwa jina la faili isiyopatikana.

Kikwazo cha pili kimejificha zaidi. Profaili (seti ya kanuni za kuchagua njia) ya baiskeli iitwayo trekking huja na downhillcost, gharama ya kushuka, 60 na uphillcost, gharama ya kupanda, 0. Yaani inatoza mteremko: mita 100 za kushuka kwa ukali huhesabiwa kama kilomita 6 za ziada, ila kupanda hakutozwi chochote. Kwa mzunguko wa kwenda na kurudi hesabu inakaa sawa, maana ulichopanda utakishuka. Lakini kutoka Mtwara kwenda Newala unaanzia usawa wa bahari na kuishia juu ya uwanda wa Makonde, hivyo karibu mlima wote unapewa bure. Fungua faili ya profaili hiyo, trekking.brf, weka uphillcost 80 kwa kuanzia, uongeze kadiri mzigo unavyozidi.

Namba za mpando zisikutishe. Data za mwinuko ni za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, na vipande vyake vina upana wa mita 30 au 90. Barabara ikipita ukingoni, kama pale karibu na Shimo la Mungu, korongo la Newala, kipande kimoja hubeba uwanda na korongo kwa pamoja. Mchoro wa mwinuko unatoka na meno ya msumeno kwenye barabara iliyo tambarare kabisa. Mikorosho nayo huinua namba, kwa sababu rada haifiki chini vizuri. Na mahali palipochongwa au kujazwa kifusi baada ya 2000, data bado inaona kilima cha zamani. Soma jumla ya mpando iliyochujwa.

Udhaifu mkubwa hauhusu mwinuko hata kidogo. Njia nyingi za vijijini juu ya uwanda hazijaandikwa aina ya uso, na BRouter itakupeleka kwenye mchanga wa kusukuma baiskeli kwa furaha zote, ili mradi ni tambarare. Dawa ni kuweka surface=sand (uso wa mchanga) kwenye njia hiyo katika OpenStreetMap, kisha kupakua faili upya baada ya wiki moja au mbili.