Lili: kung'oa kichaka kizima au kumega pembeni?
Hizi lili ambazo ua moja linadumu siku moja tu, zikijazana sana maua yanapungua, lazima ugawe. Hapa Entebbe nimejaribu zote mbili. Kung'oa kichaka kizima ni kazi bwana, mgongo, matope, lakini unaona mizizi yote, iliyooza unatupa, kila fungu unaliachia machipukizi 2 au 3, majani unayakata yabaki mafupi halafu unapanda shingo, pale majani yanapokutana na mizizi, ikiwa chini ya udongo sentimita 2 au 3 hivi, ukizamisha sana maua utayasubiri. Kumega pembeni kwa sepetu ni fasta, mmea mama haushtuki, ila katikati panabaki pamebanana vilevile. Kichaka cha zamani mi nang'oa tu, mvua za Machi zikianza, maana jua la Januari utamwagilia mpaka uchoke.