Prado 150 dizeli ya 2.8 na gia sita: uzoefu wangu Njombe

Prado mbili za umbo moja na rangi moja zinaweza kuwa magari mawili tofauti kabisa ukishazipandisha mlima. Kabla ya kununua niliyonayo sasa niliendesha karibu kila aina ya Prado 150 inayopatikana huku kwetu, na nilichojifunza ni kwamba injini na giaboksi huchaguliwa pamoja, kwa kuangalia barabara utakayopita. Viti vya ngozi na skrini kubwa vinakuja baadaye sana.

Kazi yangu ni kununua parachichi. Niko Lupembe leo, Makete kesho, Ludewa mara mojamoja, na kila baada ya muda nashuka Dar es Salaam, kilomita 700 hivi, nikiwa na watu na mizigo. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo wauzaji wa magari wa Dar huwa hawalitaji. Injini isiyo na turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Ile petroli ya lita 2.7 yenye farasi 163 kwenye karatasi, huku juu unabaki na kama 130, na gari lenyewe lina tani mbili kabla hujapakia hata gunia moja.

Kabla sijaendelea, soma kibati cha gari. Herufi za mwanzo za namba ya modeli ndizo zinazosema kweli: TRJ ni petroli ya 2.7, GRJ ni petroli V6 ya 4.0, KDJ ni dizeli ya 3.0, GDJ ni dizeli ya 2.8. Japani kwenyewe Prado 150 iliuzwa kwa petroli tu tangu 2009, dizeli ikaingia Juni 2015. Kwa hiyo mtu akikuonyesha dizeli ya 2012 na kukuambia imetoka Japani, muulize taratibu. Nyingi za KDJ tunazoziona zilitoka Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu.

Nilianza na TRJ ya zamani, yenye gia nne. Mjini ni gari tulivu na halina neno. Ukifika Kitonga, ule mlima mkali wa Iringa, nyuma ya foleni ya malori, hadithi inabadilika. Gia ya tatu inalemea, unakanyaga resi, inarudi ya pili, injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki kwa kadiri ya kelele hiyo. Nafasi ya kulipita lori ikitokea, unahesabu mara mbili. Tatizo liko kwenye pengo kati ya gia na gia. Nguvu kamili ya mzunguko ya injini ile, Nm 246, inapatikana karibu na mizunguko 3,800 kwa dakika, na gia nne hazitoshi kuiweka hapo muda wote.

TRJ za kuanzia mwishoni mwa 2015 zina gia sita, na tofauti nimeihisi waziwazi. Injini ni ile ya 2.7 iliyoboreshwa kidogo, lakini pengo kati ya gia limepungua, na ukiwa kwenye lami mshale wa mizunguko unashuka chini, gari linapumua. Bado mlimani inahangaika kutafuta gia, inapandisha na kushusha kila kona. Kwa mtu wa Dar, Morogoro au Dodoma, hii ndiyo ningemwambia achukue bila kuzunguka. Injini yake ni ya familia moja na ile iliyojaa kwenye Hiace na Hilux, kila fundi anaijua, ina cheni ya taiming badala ya mkanda, na haina mambo mengi.

V6 ya 4.0 niliendesha siku moja tu. Tamu sana, na gia zake tano zinatulia. Niliporudisha funguo nilitazama mshale wa mafuta, tukaachana kwa heshima.

KDJ ya 3.0 ina wafuasi wake, na wana haki. Inavuta. Lakini ni gari ambalo nisingelinunua bila fundi kufungua sampo, lile karai la oili chini ya injini. Zile ringi ndogo za shaba (washa) chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mwako unapenya kwenye oili, masizi yanaganda na kuziba chujio la pampu ya oili chini kule. Oili ikikosa kupanda, injini inakwisha. Mkanda wake wa taiming nao una muda wake wa kubadilishwa, na muuzaji mara nyingi hajui ulibadilishwa lini.

Nikaishia kwenye GDJ. Injini ya 2.8 ina farasi 177, idadi isiyotisha mtu yeyote, ila Nm 450 zake zinapatikana kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,400. Hapo ndipo unapoendeshea kila siku. Giaboksi ya gia sita inaijua injini hii: Kitonga inashika gia ya tatu au ya nne na kukaa hapo, hakuna kelele, unalipita lori kwa kusogeza mguu kidogo. Turbo inafidia hewa nyepesi, hivyo Makete ya milimani naiona kama Mbarali ya bondeni. Kushuka nako navuta kijiti kwenye S, nashusha gia mwenyewe na kuiacha injini ishike gari. Breki zangu hazinuki nikifika Mahenge, chini ya Kitonga.

Kwenye lami natumia lita moja kwa kilomita 10 hadi 11. Tope la Lupembe wakati wa masika ni habari nyingine, natia lo (gia za chini za magurudumu manne) na kutembea taratibu, mafuta siyahesabu.

Sasa upande wa pili, maana gari hili si la kila mtu. Ekzosi yake ina chujio la masizi, DPF. Masizi yakijaa gari lenyewe huyachoma, na linahitaji safari ndefu yenye moto wa kutosha ili limalize. Utajua kazi inaendelea ukiona mzunguko wa injini umepanda kidogo gari likiwa limesimama na harufu ya joto inatoka chini. Ukizima katikati, linaanza upya safari nyingine. Kwangu safari ndefu zipo, halinisumbui. Anayepeleka watoto shule na kurudi nyumbani ataona taa ya DPF mpaka aizoee, na hilo si zuri.

Pili, zile za Japani zina tangi la AdBlue, maji ya urea yanayosafisha moshi. Yakiisha kabisa na ukazima gari, haliwaki tena. Linakuonya mapema sana, ila onyo la Kijapani kwenye skrini wengine hulipuuza wakidhani ni redio. Mimi naweka dumu la akiba nyuma. Wapo mafundi wanaokuambia watayafuta yote mawili, DPF na AdBlue, kwa kompyuta. Nilimkatalia mmoja. Ukishagusa programu ya injini, siku inapokosea hujui uanzie wapi.

Tatu, mafuta. Nozeli za dizeli hizi hazisamehi maji wala vumbi. Siweki dizeli ya kwenye madumu vijijini hata nikibembelezwa, na chujio la dizeli nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Giaboksi haina kijiti cha kupimia oili. Kiwango hupimwa kwa tundu la chini, gari likiwa limewaka na oili ikiwa kwenye joto maalumu, na inataka oili ya aina ya WS. Fundi anayekuja na galoni la haidroliki nyekundu yoyote na kusema “zote sawa”, mshukuru na uondoke.

Kuna walionishauri nichukue kitu kidogo chenye CVT, ile giaboksi ya mkanda wa chuma na puli mbili, kwa ajili ya mafuta. Kwa lami tambarare sina ubishi. Kwa tope, mzigo na mlima mrefu wa gia ndogo, joto linapanda na mkanda ule haupendi kuteleza. Nisingeupeleka Lupembe.

Kuhusu ushuru, Tanzania magari ya zaidi ya cc 2,000 yote yalikuwa kwenye kundi moja la ushuru wa bidhaa nilipoagiza, iwe 2.7 au 2.8. Shemeji yangu wa Nairobi alipotaka kuniiga, hesabu zilimgomea: Kenya dizeli ya zaidi ya cc 2,500 inaangukia kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, wakati petroli ya 2.7 inabaki 25. Alichukua TRJ ya gia sita, na kwa kuwa hatoki Nairobi ila Krismasi akienda Nyeri, sikumbishia.

Asubuhi za Juni na Julai Njombe, baridi ikiwa kali, subiri taa ya koili, zile zinazopasha injini ya dizeli, izime ndipo uwashe, na uiache injini ingurume kidogo kabla ya kuondoka.