e1000 au virtio: kadi ipi kwa mashine pepe yako?

Ukiunda mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta halisi) kwenye KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine hizo, unachagua mapema kadi yake ya mtandao.

e1000 ni mwigo. QEMU, programu inayoigiza vifaa vya mashine pepe, inajifanya kadi halisi ya Intel, hadi rejista zake, yaani vijisanduku ambavyo mfumo husoma na kuandika ili kuiamuru kadi. Uzuri wake ni kwamba karibu kila mfumo una draiva yake (programu ya kuendesha kadi hiyo), hivyo mtandao unashika papo hapo. Tatizo ni mwendo. Kila mashine pepe inapogusa rejista ya kadi hiyo ya bandia, prosesa inakatisha kazi, inatoka kwenye mashine pepe na kwenda kwa mwenyeji (kompyuta halisi), jibu linaigizwa, ndipo inarudi ndani. Kwa programu inayotuma vifurushi vidogovidogo kwa maelfu, safari hizo ndizo zinazokula muda.

Virtio haiigi kadi yoyote iliyopo dukani. Mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, anajua kuwa hayuko kwenye kompyuta halisi, anapanga maombi kwenye foleni ndani ya kumbukumbu anayoshiriki na mwenyeji, kisha anabisha hodi mara moja kwa kundi zima. Kazi hii ya Rusty Russell iliingia kwenye Linux 2.6.24, Januari 2008, na kwangu ni kati ya viraka (nyongeza za msimbo) vyenye faida kubwa kuliko vyote kwa mashine pepe.

Windows ndiyo inayosumbua. Ukiipa na diski inayotumia mbinu hiyohiyo ya virtio, wakati wa kuisakinisha orodha ya diski inatokea tupu kabisa, mpaka upakie draiva kutoka virtio-win, faili yenye draiva za virtio za Windows. Usiogope, diski ipo.

Kwa Linux, chagua virtio bila kusita. e1000 iachie mifumo ya zamani isiyo na draiva za virtio.